Dawa ya Moyo kwa Mgonjwa wa Ini: Historia ya Kuzuia Damu Isirudi

Miaka michache iliyopita mjomba wangu, mvuvi wa Ziwa Albert upande wa Uganda, alitapika damu usiku akiwa nyumbani kwake. Waliokuwapo walisema beseni lilijaa. Alikimbizwa hospitali, akaongezewa damu, kisha akasafirishwa hadi mjini. Huko alipitishiwa kooni mpira wenye kamera na mishipa iliyokuwa ikivuja ikafungwa. Aliambiwa kwamba ini lake limeharibiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Aliporudi nyumbani alikuwa na bahasha ya vidonge, na juu ya bahasha hiyo mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: “Dawa ya moyo, 1x2”. Mjomba alimeza vidonge hivyo kwa miezi mitatu, akapata nguvu, akarudi majini. Halafu akaviacha. Alisema moyo wake haujawahi kumuuma hata siku moja. Damu ilirudi kabla ya mwaka kwisha, na safari hiyo hakufika hospitali.

Swali lililonifanya niandike insha hii ni dogo: kwa nini mtu mwenye ugonjwa wa ini apewe dawa ya moyo? Nilitarajia jibu la sentensi moja. Nilichokuta ni historia ya zaidi ya miaka mia moja, yenye mbwa, makopo ya vipimo, mabishano ya madaktari wakubwa na upasuaji uliofanywa kwa maelfu ya watu kabla haujapimwa vizuri. Hoja yangu ni kwamba kwa muda mrefu madaktari waliweza kuizuia damu isirudi bila kujua kama kuizuia huko kulimwongezea mgonjwa siku za kuishi. Maswali hayo mawili yalipotenganishwa, ndipo kidonge kidogo kikapata nafasi.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Damu inayotoka tumboni, kwenye utumbo na kwenye wengu hukusanyika katika mshipa mmoja mkubwa unaoitwa vena porta, na mshipa huo huipeleka kwenye ini. Ini likijaa makovu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi, damu hiyo haipiti kwa urahisi. Makovu hayo huletwa na pombe, na virusi vya homa ya ini B na C, na sababu nyingine. Mto ukizibwa na gugu maji haukomi kutiririka. Hutafuta vijito vya pembeni. Vivyo hivyo damu hutafuta mishipa midogo iliyo chini ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mishipa hiyo haikuumbwa kwa kazi hiyo. Huvimba, kuta zake huwa nyembamba, na siku moja hupasuka. Aliyenusurika mara ya kwanza bado yumo hatarini, kwa sababu gugu maji liko palepale. Bila matibabu ya kuzuia, takribani wagonjwa 60 kati ya 100 hutokwa na damu tena ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ndiyo maana historia ya kuzuia damu isirudi ni tofauti na historia ya kuisimamisha inapotoka, na insha hii inahusu ile ya kwanza.

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi na, ukilitazama kwa macho ya fundi bomba, lilikuwa na mantiki. Kama njia imeziba, chimba njia ya mchepuo. Mwaka 1877 daktari wa jeshi la Urusi, Nikolai Eck, aliunganisha vena porta ya mbwa na vena kubwa inayorudisha damu kwenye moyo, ili damu isipite tena kwenye ini. Aliwapasua mbwa wanane. Wengi walikufa upesi, lakini mmoja aliishi zaidi ya miezi miwili, na Eck akaona hilo linatosha kusema kwamba upasuaji huo unaweza kufanywa kwa binadamu.

Aliyeonyesha kwamba haukutosha ni Ivan Pavlov, yuleyule ambaye wengi wetu tunamjua kwa mbwa na kengele. Mwaka 1893 yeye na wenzake huko St. Petersburg walitoa taarifa kuhusu mbwa waliofanyiwa upasuaji wa Eck. Mbwa hao walibadilika tabia. Waliokuwa wapole walikuwa wakali, waliyumbayumba, wengine walipoteza fahamu, na hali ilikuwa mbaya zaidi walipolishwa nyama. Leo tunajua kwamba ini husafisha sumu zinazotokana na chakula, hasa amonia, kabla damu haijafika kwenye ubongo. Damu ikipitishwa pembeni, sumu hizo hupita nayo. Kwa hiyo, kabla mgonjwa yeyote hajafanyiwa upasuaji huo, mbwa walikuwa wameshaeleza gharama yake. Mfaransa Vidal alipoujaribu kwa mtu mwaka 1903, mgonjwa wake aliishi miezi michache tu.

Jambo hilo lililala kwa miaka mingi. Liliamshwa New York, ambako Allen Whipple, Arthur Blakemore na wenzao walichapisha mwaka 1945 taarifa za wagonjwa waliounganishiwa mishipa. Wakati huo ufundi wa kushona mishipa ulikuwa umeendelea sana, na damu ya kuongezea ilikuwa inapatikana. Matokeo yalivutia. Mtu aliyekuwa akitapika damu kila baada ya miezi alitoka hospitali na hakutapika tena. Daktari aliyeyaona hayo kwa macho yake angewezaje kutilia shaka? Upasuaji ulienea Marekani na Ulaya, na katika miaka ya 1950 baadhi ya madaktari walianza kuwapasua hata wagonjwa ambao hawajawahi kutokwa na damu, kwa kusudi la kuwakinga mapema.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha historia hii, na naomba msomaji anivumilie nikikaa hapo kidogo. Mwaka 1966 Wamarekani watatu, Grace, Muench na Chalmers, walifanya kazi ambayo haikuhitaji kisu wala darubini. Walikusanya ripoti 51 zilizochapishwa kuhusu upasuaji wa mchepuo, wakazipanga kulingana na namna kila moja ilivyofanywa. Ripoti 32 hazikuwa na kundi lolote la kulinganisha. Kati ya hizo, 24 ziliusifu sana upasuaji. Ripoti 15 zilikuwa na kundi la kulinganisha, lakini wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. 10 kati yake ziliusifu sana. Zilibaki ripoti nne tu ambamo kura ndiyo iliyoamua nani apasuliwe na nani asipasuliwe. Kati ya hizo nne, hakuna hata moja iliyousifu sana.

Nambari hizo zinafundisha kwa namna ambayo mhadhara hauwezi. Madaktari wa zile ripoti 32 hawakuwa waongo. Walichagua wagonjwa wenye nguvu ya kustahimili upasuaji, jambo ambalo daktari yeyote mwenye huruma angefanya. Aliyekuwa mahututi hakupelekwa chumba cha upasuaji, na aliyekufa akiingoja siku yake hakuhesabiwa miongoni mwa waliopasuliwa. Basi waliopasuliwa walionekana kuishi muda mrefu, lakini huenda wangeishi muda huohuo bila kuguswa. Kura peke yake ndiyo iliyoweza kuondoa jicho la huruma katika uchaguzi. Mwanafunzi mwenzangu wa historia atatambua tatizo hili mara moja, maana nasi katika kusoma nyaraka tunaulizwa kila siku: sauti za nani hazimo?

Majaribio ya kura yaliyofuata, mengine Marekani na mengine Ufaransa, yalitoa picha ileile. Upasuaji ulizuia damu vizuri kabisa. Lakini waliopasuliwa hawakuishi muda mrefu zaidi kwa kiasi cha kuridhisha, na wengi wao walipata ugonjwa wa kuchanganyikiwa akili. Walikufa kwa ini lililochoka badala ya kufa kwa damu. Mbwa wa Pavlov walikuwa wamesema kweli. Mwaka 1967 Dean Warren na wenzake walibuni mchepuo mwingine uliopunguza damu ya wengu pekee na kuiacha ile ya utumbo ipite kwenye ini, na Japani Sugiura aliikata kabisa mishipa inayolisha umio. Mbinu hizo zina historia ndefu, lakini zote zilihitaji daktari bingwa na chumba cha upasuaji cha kiwango cha juu, nami sitazifuata zaidi.

Kulikuwa na njia nyingine, ya kuitibu mishipa yenyewe kutoka ndani. Mwaka 1939 Crafoord na Frenckner wa Uswidi walieleza jinsi walivyoingiza chombo kwenye umio wa mgonjwa na kuidunga mishipa iliyovimba kwa dawa yenye kwinini ili igande na kukauka. Ndiyo, kwinini hiyohiyo ambayo babu zetu walimeza kwa malaria. Wazo hilo lilifunikwa na shangwe ya upasuaji wa mchepuo, na lilirudi kwa nguvu pale upasuaji ulipopoteza sifa. Mwaka 1973 Johnston na Rodgers wa Belfast walichapisha uzoefu wao wa miaka kumi na mitano wa kudunga mishipa. Barani mwetu, John Terblanche na wenzake wa Cape Town waliipima njia hiyo kwa jaribio la miaka mitano, na mwaka 1983 wakatangaza kwamba kudunga mara kwa mara hakukuwaongezea wagonjwa wao maisha kwa muda mrefu. Wenzao wa London walikuwa wametangaza kinyume chake mwaka mmoja kabla. Ninamheshimu Terblanche kwa sababu alichapisha kushindwa kwa njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa bingwa wake.

Sasa tufike kwenye bahasha ya mjomba. Dawa ya propranololi ilitokana na kazi ya Mskoti James Black katika kampuni ya ICI ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Black alitafuta namna ya kumsaidia mtu mwenye maumivu ya kifua yanayotokana na moyo kufanya kazi kupita kiasi. Dawa yake huuzuia moyo usiitikie mwito wa adrenalini, na moyo hupiga polepole. Kwa kazi hiyo na nyingine alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ini halikuwa katika mawazo yake.

Aliyelihusisha ini ni Didier Lebrec, katika Hospitali ya Beaujon huko Clichy, pembeni mwa Paris. Hospitali hiyo ilikuwa na kitengo maarufu cha ini chini ya Jean-Pierre Benhamou, na ilikuwa miongoni mwa zile zilizoupima upasuaji wa mchepuo kwa kura na kuona mipaka yake. Lebrec na wenzake waliona kwamba propranololi hupunguza shinikizo ndani ya vena porta. Sababu ni mbili. Moyo ukipiga polepole husukuma damu kidogo, na mishipa inayolisha utumbo nayo hujikaza, hivyo mto wenyewe hupungua maji kabla ya kufika penye gugu. Hawakuchimba mchepuo wala hawakugusa umio. Walipunguza maji.

Mwaka 1981 walichapisha jaribio la wagonjwa 74 wa sirosisi ambao walikuwa wametokwa na damu na kupona. Kura iliwagawa: nusu walipewa propranololi ya kiwango cha kupunguza mapigo ya moyo kwa robo, na nusu vidonge vinavyofanana visivyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 96 ya waliopewa dawa hawakuwa wametokwa na damu tena. Kwa wale wa vidonge vitupu, ilikuwa asilimia 50.

Laiti historia ingeishia hapo, lakini mwaka 1983 Andrew Burroughs na wenzake wa Hospitali ya Royal Free, London, walirudia jaribio la namna hiyo na hawakuona faida yoyote. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Nafuu ni kwamba safari hii walibishana wakiwa na kipimo mkononi. Wagonjwa wa Clichy wengi walikuwa na sirosisi ya pombe na maini yao bado yalikuwa na nguvu. Wagonjwa wa London walikuwa wa aina mbalimbali na wengine walikuwa dhaifu zaidi. Majaribio mengine mengi yalifuata, na yalipowekwa pamoja yalionyesha kwamba Lebrec alikuwa sahihi kwa ujumla, ingawa si kwa kila mgonjwa. Mwaka 1995 madaktari wa Barcelona walieleza sehemu ya siri hiyo: walipima shinikizo kabla na baada ya dawa, wakaona kwamba wale ambao shinikizo lao lilishuka kwa asilimia 20 au zaidi ndio waliokingwa vizuri. Wengine humeza dawa na shinikizo lisishuke kiasi hicho.

Kwa hao, na kwa wengine pia, kulikuwa kumepatikana mpira. Katika miaka ya 1980 Greg Stiegmann wa Denver aliazima mbinu iliyokuwa ikitumika kwa bawasiri, ya kuufunga mshipa uliovimba kwa kimpira kama kile tunachofungia noti, hadi unyauke na kudondoka. Mwaka 1992 yeye na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 129. Kati ya waliodungwa dawa, asilimia 48 walitokwa na damu tena na asilimia 45 walifariki. Kati ya waliofungwa vimpira, ni asilimia 36 na asilimia 28. Safari hii kuzuia damu na kuongeza maisha vilikwenda pamoja. Sindano za kudunga mishipa zikaanza kuachwa.

Hata mchepuo ulirudi, kwa mlango mwingine. Mwaka 1988, huko Freiburg, Ujerumani, madaktari walipitisha waya kupitia mshipa wa shingo hadi ndani ya ini, wakafungua njia kati ya vena mbili na kuishikilia kwa bomba dogo la wavu wa chuma. Hapakuwa na kisu tumboni. Damu ilizuilika vizuri, na kuchanganyikiwa akili kukarudi vilevile, kama ilivyotarajiwa na yeyote aliyesoma taarifa ya mwaka 1893. Njia hii leo hutumiwa kwa wagonjwa waliochaguliwa, hasa pale njia nyingine zinaposhindwa.

Tangu mwaka 1990 mabingwa wa fani hii wamekuwa wakikutana kila baada ya miaka kadhaa ili kukubaliana juu ya matibabu; mikutano hiyo huitwa kwa jina la mji wa Baveno, Italia, ilikoanzia. Makubaliano yao kuhusu mtu ambaye ameshatokwa na damu yamekuwa yaleyale kwa muda mrefu: afungwe vimpira kila baada ya wiki chache hadi mishipa iishe, na papo hapo ameze propranololi au dawa ya jamii yake kila siku, akiwa anaistahimili. Mwenye pumu hafai kuimeza, na mwenye ini lililochoka sana na shinikizo la damu lililoshuka hupunguziwa au husimamishiwa na daktari. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Kimpira huondoa mshipa uliopo leo. Kidonge hupunguza maji yatakayojaza mwingine kesho. Na kinga ya kidonge huisha kinapoachwa.

Sentensi hiyo ya mwisho naisoma tena na tena. Mjomba alifungwa mara moja. Kurudi mjini kufungwa mara ya pili na ya tatu kulihitaji nauli ya basi, malazi, na wiki bila samaki. Kilichobaki kumkinga kilikuwa kile kilichomo katika bahasha, na bahasha ilisema moyo.

Kwetu sisi wa kandokando ya Ziwa Albert na Mto Nile kuna jambo la kuongeza. Wengi wanaotapika damu huku hawana sirosisi. Wana kichocho cha matumbo, ambacho mayai ya minyoo yake huziba matawi ya vena porta na kuacha kovu, ilhali sehemu kubwa ya ini bado hufanya kazi. Mwaka 1972 Ongom na Bradley walichapisha utafiti wao wa kijiji cha Panyagoro, West Nile, na madhara ya kichocho kwa watu wake. Maji yamezibwa mahali pengine, lakini vijito vya umio ni vilevile na hupasuka vilevile. Je, kidonge cha Clichy kingewafaa hao pia? Jibu lilitoka kwa majirani zetu wa Sudan. Mwaka 1994 el Tourabi, Homeida na wenzao walichapisha matokeo ya kuwapa propranololi wagonjwa wa kichocho waliokuwa na shinikizo hilo, na vifo vilipungua. Jaribio hilo halitajwi sana katika historia zinazoandikwa Ulaya, ambazo huanza na Eck na kuishia Baveno. Mimi ningelipa ukurasa mzima, kwa sababu dawa hiyo ni ya bei nafuu na inaweza kukaa katika kabati la zahanati isiyo na kamera wala vimpira.

Mamangu aliikuta bahasha ile ndani ya kopo la kahawa, vidonge zaidi ya nusu vikiwa bado vimo. Nilimweleza kwa Kialuri, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya majirani, kwamba dawa hiyo hupunguza nguvu ya damu inayokwenda kwenye ini ili mishipa ya kooni isipasuke. Ilinichukua dakika mbili hivi. Aliniuliza kwa nini basi waliandika moyo, nami nikaanza kumsimulia habari za Black na Lebrec.